Spika Mbili za Upanga

Nilikuwa na miaka thelathini nilipotambua kwamba Mlimani Park walikuwa wakipiga magitaa manne. Kuambiwa nilishaambiwa zamani. Solo, sekondi solo, rithim na besi: kila mshabiki wa muziki wa dansi anaijua hesabu hiyo hata kama hajawahi kushika gitaa. Ila kuijua hesabu si kuyasikia. Kwenye redio ya nyumbani kwetu Ngamiani, Tanga, gitaa lilikuwa moja tu, lile la solo, na nyuma yake mnong'ono kama wa watu wanaogombana wakiwa wamejifunika kanga midomoni.

Redio yenyewe ilikuwa National ya bendi mbili, spika yake ukubwa wa kisahani cha chai. Baba aliiweka juu ya kabati la vyombo, mbali na mikono yetu, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Ilikula betri nne kubwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 betri zilikuwa za kupangia foleni kama sukari na sabuni. Zikichoka tulizianika juani, juu ya ukuta wa uani, zikapata nguvu ya kumalizia taarifa ya habari na nyimbo mbili hivi. Wimbo wa tatu mwimbaji alianza kukoroma. Nimekuwa mtu mzima ndipo nikajua kwamba Marijani Rajabu hakuwa na mafua.

Kituo cha Bara kilikuwa kimoja, Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi zetu zilirekodi hukohuko RTD, Barabara ya Pugu, wanamuziki wote wakipiga kwa pamoja, na kanda ikabaki maktaba. Kiwanda cha kufyatua santuri hatukuwa nacho. Aliyetaka santuri alikwenda Nairobi, kama alivyokwenda Mbaraka Mwinshehe. Kwa hiyo wimbo wa Mlimani Park au wa Msondo ulitufikia kwa njia moja, hewani, na aliyetaka kubaki nao alitega kinasa sauti mbele ya redio, akaomba mtangazaji asije akaingilia katikati. Kaseti hiyo ikanakiliwa, na nakala nayo ikanakiliwa. Nyingi zilizofika mitaani kwetu zilikuwa vitukuu vya kanda ya kwanza, na kila kizazi kilidondosha njiani sauti nyembamba za juu na kuongeza mvumo wake chenyewe.

Baba ndiye aliyekuwa wa dansi. Mama alikuwa wa taarab, na Tanga ilikuwa na taarab yake, ya Black Star na Lucky Star, vikundi vidogo vyenye gitaa la umeme na besi mahali ambapo Unguja ungekuta safu ya fidla. Ulikuwako wimbo mmoja, jina lake silitaji, ambao ukipigwa redioni mama aliacha alichokuwa akifanya, hata kama ni nazi iko kwenye mbuzi. Aliuimba wote. Ndani yake mlikuwa na neno, "hanifikii", na likikaribia aliinua kidevu na kutazama upande wa nyumba ya jirani mmoja, kwa sababu ambazo sisi watoto hatukuambiwa. Hanifikii! Dada yangu na mimi tulilitumia neno hilo kwenye ugomvi wetu wote, mpaka likakatazwa.

Somo langu la kwanza kuhusu vyombo vya muziki sikulilipia hata senti. Binamu yake baba, baharia, alimletea kinasa sauti cha kaseti, kisicho na redio ndani. Kwa mwaka mmoja kilikuwa fahari ya barabara nzima, kisha sauti yake ikaanza kuziba. Baba akanituma nacho kwa fundi redio wa Barabara ya 9. Fundi akafungua kifuniko, akachovya pamba kwenye spiriti, akafuta hedi. Pamba ikatoka na rangi ya tumbaku. Kisha akaweka kaseti, wimbo ukaanza, akaingiza bisibisi ndogo kama sindano kwenye skrubu iliyo kando ya hedi na kuizungusha polepole, kichwa amekiinamisha kama anayesikiliza siri. Ghafla matoazi ya drams yakajitokeza, chwa-chwa-chwa, kama mchele unaomwagwa kwenye sinia. Sikuwahi kuyasikia kwenye wimbo ule.

"Umeweka nini, fundi?" nikauliza.

"Sijaweka kitu. Hedi ilikuwa inatazama upande."

Miaka mingi baadaye nilikuja kuelewa alichofanya. Kanda ya kaseti hupita mbele ya hedi kwa mwendo wa kinyonga, sentimita 4.76 tu kwa sekunde, na mitetemo yote ya wimbo imebanana juu yake. Ufa wa hedi ukiinama kidogo sana, sauti nene hazidhuriki, ila zile nyembamba hukutana zikafutana. Nyumba nyingi zilizosema kaseti zao zimekufa zilikuwa na skrubu iliyolegea.

Ningekuwa mtu wa kujifunza ningeishia hapo. Badala yake mwaka 2001, nikiwa nimepata kazi Dar es Salaam na chumba Tandika, mshahara wangu wa tatu wote niliupeleka Kariakoo nikarudi na sabufa. Stika yake iling'aa: wati 5000. Nyuma, karibu na waya wa umeme, kwa herufi za kutafutia miwani, iliandikwa kwamba kitu chote kinakula wati 40. Sijui ni muujiza gani unaogeuza 40 kuwa 5000, lakini mimi nilikuwa tayari kuuamini, na naona vijana wa leo bado wanauamini. Hesabu ya kweli ni kavu: ukizidisha wati mara mbili sauti inaongezeka desibeli 3, badiliko ambalo mtu anayepika jikoni hatalitambua. Ili sikio likubali kwamba sasa sauti ni kubwa mara mbili, unahitaji wati mara kumi hivi.

Sabufa ile ilikuwa na noti moja. Mpiga besi apande, ashuke, atembee, yenyewe ilijibu bum. Wiki ya kwanza nilifurahi mno, maana kifua kilitetemeka na mimi nilidhani kutetemeka ndiko kusikia. Wiki ya pili mke wa mwenye nyumba akanigongea. Hakugomba. Alisimama mlangoni akasema, "Mwanangu, mtungi wangu wa maji unacheza."

Upanga, hukohuko Dar es Salaam, nilikwenda kufuata friji. Ilikuwa 2003, nina miezi minne ya ndoa, na mzee mmoja wa Kihindi alikuwa anauza vitu vya ndani kwa sababu anawafuata watoto wake Toronto. Nikiwa bado kwenye ngazi nilimsikia mwimbaji Mohammed Rafi. Filamu za Kihindi tulizikuta na kukulia nazo Tanga, kwa hiyo sauti ile si ngeni kwangu, lakini hii haikuwa ikitoka kwenye kitu. Nilipoingia sebuleni Rafi alikuwa amesimama mbele ya kabati tupu, kimo cha mtu, midomo yake usawa wa macho yangu. Kulia kulikuwa na spika ndogo, kushoto nyingine kama hiyo. Katikati hapakuwa na kitu. Nikazunguka nyuma ya kabati.

"Unatafuta nini, kijana?"

"Spika ya katikati, mzee."

Alicheka mpaka akakaa. Akanieleza kwamba sauti ileile ikifika kwenye masikio mawili kwa wakati mmoja na kwa nguvu ileile, kichwa hakina pa kumweka mwimbaji isipokuwa katikati. Spika zilikuwa Wharfedale. Amplifaya ilikuwa NAD 3020, boksi la rangi ya kijivu lisilo la kuvutia, la tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Nikamuuliza wati ngapi. Ishirini kila upande, akasema, na mimi mwenye 5000 nyumbani nikanyamaza.

Friji niliiacha, nikachukua spika na amplifaya. Mke wangu ananikumbusha mpaka leo kila tunapokunywa maji ya uvuguvugu.

Mzee alikuja mwenyewe Tandika kwa teksi, siku mbili kabla ya safari yake, na utepe wa fundi cherehani mfukoni. Mimi nilikuwa nimezibana spika ukutani, kila moja kwenye kona yake, ili chumba kipate nafasi. Akazivuta mbele futi mbili. Kona, alisema, inafanya besi ivimbe kama mguu wenye maji. Akaziinua juu ya matofali mpaka zikafika usawa wa masikio ya mtu aliyekaa, akapima kutoka spika hadi spika, kisha kutoka kila spika hadi kwenye kiti, akahakikisha pande tatu zinalingana. Halafu akapiga kofi moja. Chumba cha saruji, dirisha moja, sakafu tupu: kofi likalia kama limepigwa kisimani. "Chumba nacho kinaimba," akasema. "Kizibe mdomo kidogo." Tukatandika zulia, tukaning'iniza pazia zito, godoro la wageni tukaliegemeza ukuta wa nyuma. Akapiga kofi tena, likafa papo hapo. Gharama ya kazi yote hiyo ilikuwa nauli ya teksi.

CD ya Mlimani Park aliniletea rafiki aliyekuwa masomoni Ujerumani, maana kwa vituko vya dunia hii nyimbo za RTD zilipatikana vizuri Ulaya kabla hazijapatikana vizuri Kariakoo. Niliiweka usiku, mke wangu kalala, sauti chini. Nikasubiri kulisikia lile gitaa langu la miaka yote.

Mpiga solo alikuwapo, na hakuwa peke yake. Sekondi solo alikuwa ubavuni mwake, si nyuma, na walikuwa wanazungumza: mmoja akiuliza, mwenzake akimaliza kabla swali halijaisha, kama watani. Rithim alikuwa chini yao akisuka ukili, mkono wake haupumziki, na niligundua kwamba ule mnong'ono wa wagomvi wa Ngamiani ndiye yeye. Zile saksafoni na tarumbeta zilizokuwa zikinijia kama honi moja zikawa watu kadhaa, na kati yao unasikia nani kawahi pumzi. Michael Enoch, aliyeiongoza bendi ile, alijulikana kwa kupanga kila ala mahali pake, na sifa hiyo nilikuwa nikiisoma magazetini bila kuwa na ushahidi wake. Rekodi yenyewe haikunitandazia watu kushoto na kulia; ilinipangia mbele na nyuma, mwimbaji karibu, tumba mbali kidogo, na nyuma ya tumba nikasikia ukuta. Nilisikia ukuta wa studio ya Barabara ya Pugu.

Besi ndiyo iliyonivuruga. Waya mnene wa gitaa la besi, ukipigwa wazi, hutetemeka mara 41 hivi kwa sekunde. Spika ya kisahani cha chai haiwezi kusukuma hewa kwa mwendo huo. Inaanza kupata nguvu mbali sana juu yake. Basi tangu utotoni besi hiyo nilikuwa siisikii, na bado ningeweza kukuimbia kila noti yake. Sababu ni kwamba kila noti ina ndugu zake wa juu, mara mbili, mara tatu, mara nne ya mtetemo wa kwanza, na hao redio ilinipa. Ubongo ukisikia ndugu humjua mzazi, ukamweka mahali pake kimyakimya. Kwa miaka ishirini mpiga besi wa Mlimani Park alikuwa mimi. Sasa nilikutana na mwenye kazi yake, na lazima nikiri kwamba alikuwa mtaratibu kuliko mimi, mwenye kuacha nafasi nilizokuwa nikizijaza kwa pupa.

Nilikaa mpaka saa nane usiku. Wanamuziki wale nimewaona pia ukumbini, nimecheza mbele yao mpaka shati likaloa, na nathubutu kusema kwamba ukumbini hukupata kuwasikia hivi. Spika za ukumbi zilikoroma, watu waliita wahudumu, na aliyesimama karibu na solo aliondoka na solo tu. Aliyesikiliza rekodi kwenye chombo safi alikaa mahali ambapo hata mwenye tiketi hakuwahi kukaa.

Baada ya hapo niliugua kwa muda. Nauita ugonjwa kwa sababu ulinila pesa na usingizi. Nilianza kununua CD za watu nisiowapenda kwa kuwa zimerekodiwa vizuri. Nikawa nasikiliza wimbo dakika moja, nabadilisha, nasikiliza matoazi, nabadilisha, nasikiliza kama mwimbaji amesogea. Rafiki mmoja akaniuzia waya za spika kwa bei ambayo siitamki mbele ya watoto, na kweli, nilipozifunga nikasikia anga limefunguka. Mke wangu akachoka. Jioni moja akaketi nyuma ya amplifaya, akanifunga kitambaa macho, akawa anabadilisha, mara waya za rafiki, mara zile za kawaida za dukani, mimi nataja. Mara kumi. Nikapatia tano.

"Hata kuku angepatia tano," akasema.

Nimebaki na maoni ambayo wenzangu wa ugonjwa hawayapendi. Kutoka kwenye spika ya kisahani kwenda kwenye spika nzuri za mtumba ni kuhama nchi. Kutoka hapo kwenda kwenye spika za bei mara kumi ni kuhama chumba. Kwenye waya hakuna safari. Na kabla ya yote ni kile unachokilisha chombo: wimbo wa CD unabeba kilobiti 1,411 kila sekunde, na ule uliopakuliwa kwa kilobiti 128 umebaki na sehemu moja kati ya kumi na moja. Kwenye spika ya simu hutaona tofauti. Kwenye Wharfedale matoazi yanalia kama maji yanayopitishwa kwenye chujio, na ukishayasikia hivyo mara moja huwezi tena kuyasahau, jambo ambalo ni hasara kwa mtu mwenye nyimbo elfu mbili za aina hiyo.

Kwa sababu hiyo kaseti za baba, alipofariki, nilizirithi na kuziweka kabatini. Niliogopa kuzipiga. Nilijua zitasikika vibaya, na sikutaka vyombo vyangu vimuumbue. Niliitoa moja tu, mwaka wa pili wa msiba, nikainyoosha hedi kwa bisibisi kama nilivyomwona fundi. Muziki ulikuwa kama nilivyohofu, mnong'ono na mvumo. Lakini kinasa sauti kile kilikuwa kimetegwa mbele ya redio sebuleni kwetu, kikinasa kila kilichopita, na kilichopita kilikuwamo. Kuna jogoo. Kuna kengele ya baiskeli, na sufuria inayowekwa sakafuni. Katikati ya ubeti kuna mtu anasema "shiii," karibu kabisa na kipaza sauti, mpaka unasikia ulimi ukigusa meno, kisha kwa sauti ya chini anamtaja kwa jina mtoto anayepaswa kunyamaza. Jina ni langu. Kwenye kinasa chenyewe, tulipokuwa tukiipiga zamani, hilo halikuwahi kusikika.

Mama alikuja kukaa nasi mwaka 2014, magoti yakimsumbua. Wakati huo nilikuwa nimeongeza mashine ya santuri, na kwa muuzaji mmoja wa vitu vya kale nilikuwa nimeipata santuri ndogo yenye ule wimbo wake. Imechubuka pembeni, lakini mifereji yake hai. Nilimkalisha kwenye kiti changu, nikamwekea mto mgongoni, nikashusha sindano.

Alifumba macho. Akaanza kuimba pamoja na mwimbaji, chini chini, na vidole vyake vikihesabu kwenye mkono wa kiti. Neno likakaribia, nikaona kidevu kinaanza kupanda. Kisha kikasimama.

"Rudisha," akasema.

Nikarudisha. Akasikiliza tena, macho sasa wazi.

"Anasema hanisikii?"

Nikarudisha mara ya tatu, na mimi nikaegemea mbele. Ni kweli. Haikuwa fe. Ilikuwa se, ndefu, safi, ikipita kati ya spika mbili kama upepo kwenye majani ya mnazi. Sauti ya se nguvu zake ziko juu, nyingi juu ya mitetemo 5,000 kwa sekunde, na matangazo ya masafa ya kati hukatwa karibu na hapo hapo. Kinachobaki kwenye redio ndogo kinafanana na fe. Ndiyo maana mtu akitaja jina lake kwenye simu huongeza, S ya Salumu, F ya Fatuma. Mwimbaji yule hakuwa akimtambia mtu asiyemfikia. Alikuwa analalamika, kwa upole kabisa, kwamba anaongea na mwenzake hasikii.

"Miaka yote," mama akasema. "Na mimi namkomoa mama wa watu." Akacheka, halafu akanyamaza kwa kitambo. "Wimbo wa huzuni kumbe."

Nikamuuliza kama niupige tena. Akasema inatosha, santuri ya watu isije ikaisha.

Kesho yake asubuhi nilimkuta kibarazani, sinia mapajani, anachambua mchele na kuimba. Nilisimama nyuma ya mlango nikiwa na kikombe changu, sikusogea. Alipofika kwenye neno hilo mikono yake ilitulia juu ya sinia, akainua kidevu upande wa barabara, ambako hakuna jirani yeyote anayemjua.

"Hanifikii," akaimba, na akalivuta kuliko zamani.